Acheni Kutuambia "Rudia Tena"

Kuna maneno mawili nataka yapigwe marufuku kwa kila chumba chenye piano nchi hii: "rudia tena." Na kuna mengine matatu yanayofuata nyuma yake kama mkia: "huyu hana kipaji." Ya kwanza yakishindwa kufanya kazi, ya pili yanaletwa kufunika aibu.

Nimeyasikia kanisani, nimeyasikia kwa madarasa ya wikendi ya kulipia kwa saa, na siku hizi nayasikia kwa komenti za watu ambao hawajui hata pedali ya kulia inafanya kazi gani. Kijana anaweka video, amekwama pale pale kwa kipande fulani cha Chopin, anauliza afanye nini. Majibu hamsini, yote yale yale: mazoezi tu bro, kaza, saa nne kwa siku, usikate tamaa. Hakuna hata mmoja amemwambia ni kidole gani kinafika kikiwa kimechelewa. Manze, huo si ushauri. Ni kama kumwambia mtu ambaye gari limemzimikia Thika Road "endelea tu kuwasha."

Mimi nasema hivi. Ukikwama kwa piano, karibu kila mara kuna shida moja yenye jina, na mahali pake unaweza kupaonesha kwa ncha ya penseli. Ukiipata, unaitatua kwa robo saa kwa siku, siku chache. Usipoitafuta, rudia hadi uote mvi, utakuwa tu umejifunza kosa lako vizuri sana. Mikono haina habari na sawa wala kosa. Inakumbuka kile imefanya mara nyingi.

Tuchukue ile kila mtu anaijua. Für Elise. Beethoven aliiandika mwaka 1810 na haikuchapishwa hadi 1867, miaka 40 baada ya yeye kufa, na sasa iko kwa kila kibodi iliyowahi kuuzwa Luthuli Avenue. Nairobi nzima inaweza kupiga sekunde thelathini za kwanza. Baada ya hapo kimya. Msee anacheka, anasema "hiyo ingine nimesahau," anarudi mwanzo. Hujasahau, boss. Hukuwahi kuijua.

Piga hesabu. Unaanza mwanzo, unafika mahali pagumu, unaanguka, unarudi mwanzo. Fanya hivyo mara ishirini. Mwanzo umeupiga sawa mara ishirini. Pale pagumu umepapiga vibaya mara ishirini. Na kila kitu baada ya hapo umekipiga mara sifuri. Halafu unashangaa kwa nini ukipanda jukwaani unaanza kama malaika na kumaliza kama mtu anayetafuta funguo gizani. Hiyo ndiyo "rudia tena" kwa kazi. Inakufundisha zaidi kile tayari unajua.

Dawa ni kugeuza. Anza na kipimo cha mwisho (kipimo ni kile kisanduku kati ya mistari miwili ya wima kwa karatasi ya muziki, kwa wale wanasoma). Kikikaa, ongeza kilicho kabla yake. Halafu kilicho kabla ya hicho. Kila ukipiga unatoka kwa kitu kigeni kuelekea kwa kitu unakijua, na hofu inapungua badala ya kuongezeka. Inaboesha kwa siku mbili za kwanza, hiyo siwezi kukuficha, kwa sababu haisikiki kama wimbo na hakuna mtu nyumbani atakupigia makofi.

Sasa binamu yangu. Yuko kidato cha tatu, na mwaka jana alipewa nafasi ya kupiga Für Elise yote kwa tamasha la shule. Katikati, baada ya muziki kubadilika na kuwa mchangamfu, kuna mbio za mkono wa kulia ambazo ni ndogo sana kwa karatasi na mbaya sana kwa vidole. Hapo ndipo alikuwa anaanguka kila siku, kwa wiki sita. Wiki sita za rudia tena. Mwalimu wake alikuwa ameshamwambia shangazi, mbele ya mtoto mwenyewe, kwamba labda hizo pesa za masomo ziende kwa kitu kingine. Msichana alikuwa ameanza kuficha mikono kwa mikono ya sweta akiwa sebuleni. Hiyo ndiyo ilinifanya nikasirike, na bado nina hasira nikiandika hii.

Nikamuuliza kitu kimoja: hizo mbio zina nini ndani? Akasema "noti nyingi." Tukaangalia karatasi. Si noti nyingi. Ni kidole kidogo kinachorudi kwa G, G, G, kila baada ya noti moja, huku vidole vingine vikipanda A, B, C, D, E kama mtu anapanda ngazi za ghorofa. Mistari miwili ndani ya mkono mmoja. Tukatoa kidole kidogo kabisa, akapiga ngazi peke yake. Ni kitu ya mtoto wa darasa la pili. Halafu kidole kidogo peke yake, polepole na kwa sauti ya chini, kama kinanong'ona. Halafu pamoja, lakini si kwa kuinua kila kidole: kwa kuzungusha mkono kutoka kwa kiwiko, kushoto kulia, vile unazungusha funguo kwa kitasa. Vidole peke yao vinachoka upesi kwa kazi ya aina hiyo. Mkono ukizunguka, hauchoki.

Robo saa kwa siku. Siku ya tano ilikuwa safi ikiwa polepole. Wiki ya pili ikafika mwendo wake. Alipiga tamasha, na alipiga yote hadi noti ya mwisho. Unajua mwalimu alisema nini? "Unaona, ulihitaji tu kurudia."

Sitaki mtu aniambie ni mwalimu mmoja. Hii ni tabia. Imerithiwa, nadhani, kutoka kwa vile tulifundishwa kila kitu kingine: kariri, andika mara mia, simama kwa kona. Piano imeingia tu kwa foleni. Na inauma zaidi hapa kwa sababu somo la piano kwetu ni gharama. Mtoto anayeambiwa hana kipaji hapati mwalimu mwingine mtaa wa pili. Anaacha, kibodi inafunikwa kwa kitambaa, na baada ya mwaka inakuwa meza ya kuweka decoder.

Haya, twende kwa kasi, maana hapo ndipo vijana wengi wanakuja kulia kwa DM yangu. Sehemu ya tatu ya Moonlight Sonata, Beethoven tena, mwaka 1801. Vipimo 200 vya fujo. Mkono wa kulia unakimbia kutoka chini hadi juu, halafu juu kabisa unagonga mara mbili kama polisi mlangoni. Ushauri wa kawaida: weka metronomu 60, ukiweza panda 64, halafu 68, polepole utafika. Nimeona watu wamepanda hiyo ngazi miezi mitatu, wakagonga ukuta, wakashuka, wakapanda tena. Ukuta haukusonga.

Kwa nini? Kwa sababu kutembea na kukimbia si mwendo mmoja. Huwezi kutembea haraka, haraka zaidi, haraka zaidi, hadi ukajikuta umekuwa Faith Kipyegon. Kuna mahali mwili unabadilisha mtindo mzima. Kwa piano ni vivyo hivyo: polepole una nafasi ya kuinua kila kidole, kugeuza kiwiko vyovyote, kuangalia noti inayofuata. Ukienda kasi hiyo nafasi haipo. Kwa hiyo ule mtindo umejifunza ukiwa 60 ndio unaokuzuia ukifika 120.

Polepole ina kazi yake: kujua noti, kuchagua vidole, kusikia. Baada ya hapo fanya hivi. Chukua noti nne za kwanza za hizo mbio na uzibonyeze zote pamoja kwa mara moja, kama kodi (si ile ya KRA). Beba mkono hadi nne zinazofuata, bonyeza pamoja. Endelea hadi juu. Sasa mkono wako unajua ramani: si noti kumi na kitu, ni vituo vichache, kama matatu ya Rongai. Halafu piga noti nne kwa kasi kamili, ile kasi ya mwisho unayoitaka, na usimame kwa ya tano. Kufa kabisa. Legeza bega, pumua. Nne zingine, simama. Zikikubali, fanya nane na usimame. Unajifunza kukimbia kwa kukimbia mita tano, badala ya kutembea kilomita kumi.

Ukisikia noti moja inaanguka kila wakati, karibu kila mara shida iko kwa noti iliyo kabla yake: kidole kimeachwa nyuma, au gumba limechelewa kuhama. Angalia hapo. Na andika namba za vidole, moja hadi tano, kwa penseli ya mbao, uzifuate hizo hizo kila siku. Nimekutana na watu wanatumia vidole vya leo leo na vya kesho kesho, halafu wanasema hawana kumbukumbu. Kumbukumbu gani sasa? Mkono umejifunza nyimbo tatu tofauti zenye sauti moja.

Kuna moja ninaipenda sana kuzungumzia kwa sababu hapo uongo unakuwa wa kutudharau. Fantaisie-Impromptu ya Chopin. Hakuichapisha maishani mwake. Ilitoka 1855, yeye alikufa 1849. Mkono wa kulia unapiga noti nne katika muda ule ule mkono wa kushoto unapiga tatu. Watu wanaliona hilo wanafunga kitabu. Na nimesikia kwa masikio yangu mtu mzima akisema haya ni mambo ya "damu ya Ulaya," sisi tubaki na kwaya.

Aki haki ya nani. Sisi? Watu ambao wamelelewa na ngoma? Sikiliza chakacha vizuri siku moja: mwili unaenda kwa mbili na mkono wa mpigaji unaenda kwa tatu, na akina mama wanacheza hapo katikati bila kuhesabu chochote. Tatu juu ya mbili tumeila na uji. Nne juu ya tatu ni jirani yake wa karibu. Aliyepaswa kukuambia hivyo ni mwalimu wako, kabla hajakuambia rudia.

Jaribu hapo ulipokaa, kwa mapaja yako. Sema: chaaai ya mama ikooo. Vuta "chai," kata "ya" iwe fupi, "ma-ma" sawa sawa, "i" fupi, vuta "ko." Kwa "chai" mikono yote miwili. Halafu "ya" kulia, "ma" kushoto, "ma" kulia, "i" kushoto, "ko" kulia. Rudi kwa chai bila kusimama. Mkono wa kulia umepiga nne, wa kushoto tatu, na kila mmoja uko sawa peke yake. Wacha ukae mwilini siku nzima, kwa mathree, kwa foleni ya Huduma Centre, popote. Ukifika kwa piano, usianze na noti za Chopin. Piga noti moja tu kila mkono kwa huo mdundo. Halafu mkono wa kushoto uwe wa kweli na wa kulia noti moja. Halafu badilisha. Mwisho changanya. Na hapa kuna siri ambayo inashangaza watu: ukifika kasi kamili, acha kuhesabu. Kwa ile kasi hakuna sikio linalopima kila noti. Unahitaji tu mikono ikutane kwa "chai" na katikati isitetemeke.

Nikitaja haya, kuna wale watakuja na Hanon. Lazima waje. Kitabu cha Charles-Louis Hanon kilitoka Ufaransa 1873, mazoezi 60, na kuna walimu Nairobi wanakitumia kama dawa ya minyoo: kila mtoto, kila wiki, hata kama anaumwa na sikio. Sisemi ni takataka. Kwa mtu ambaye vidole havijawahi kusonga, kurasa za kwanza zinaamsha. Lakini niambie, zoezi la kupanda na kushuka na noti zile zile litamsaidia vipi mtu ambaye shida yake ni kuruka kwa mkono wa kushoto kwenye waltz? Huyo anahitaji kujifunza kuondoka mapema: apige besi, ahame papo hapo, mkono ufike juu ya kodi na usubiri hapo bila kubonyeza, ndiyo abonyeze. Dakika tano za hiyo zinashinda mwezi wa Hanon. Zoezi linatoka kwa shida yenyewe. Usipojua shida, kila zoezi ni bahati nasibu.

Na kuna kitu kibaya zaidi ya kupoteza muda. Maumivu. Kuna utamaduni wa kusifu maumivu, "no pain" na hayo mengine mnayotoa jimu. Piano si jimu. Robert Schumann alitaka kuwa mpiga piano mkubwa, na akiwa na miaka ishirini na kitu mkono wake wa kulia ukaharibika. Chanzo chenyewe watu bado wanabishana, lakini inajulikana kwamba alikuwa akitumia kifaa cha kulazimisha kidole, na inajulikana kwamba ndoto yake ya jukwaa iliisha. Ni Clara, aliyekuja kuwa mke wake, aliyebeba muziki huo mbele ya watu. Kwa upande mwingine, wanafunzi wa Chopin waliacha kumbukumbu kwamba hakutaka wafanye mazoezi zaidi ya saa tatu kwa siku. Chopin! Na alipenda waanze na skeli ya B meja, ile yenye noti nyeusi tano, kwa sababu vidole virefu vinakaa vizuri juu ya zile nyeusi. Alianza na umbo la mkono. Sisi tunaanza na C meja kwa sababu ni rahisi kwa macho, na mkono utajijua.

Kwa hiyo ukisikia moto kwa kifundo au mkono wa mbele umekuwa mgumu kama mti wa mwiko, simama. Simaanishi upunguze kasi. Simama kabisa, toka kwa kiti. Ukirudi tafuta ni wapi unabana: mara nyingi ni gumba, au bega limepanda hadi karibu na sikio na hujui. Na ukiwa umechoka lala. Mwili unaendelea kupanga mwendo mpya ukiwa usingizini, ndiyo maana kitu kilichokataa saa nne usiku kinakubali asubuhi, na wewe unadhani ni muujiza.

Zile video za noti zinazoanguka kama mvua, sitazipiga vita sana. Zimeleta watu wengi kwa piano ambao hawangekuja. Lakini hazikuoneshi vidole, hazikuoneshi sauti, na haziwezi kukuambia kwamba G zile za Für Elise ni mstari mmoja. Zinakuonesha tu wapi pa kubonyeza. Hiyo ni anwani bila njia.

"Lakini mimi sina piano, nina kibodi ya funguo 61." Najua, wengi wetu ndiko tuliko. Funguo nyepesi hazijengi uzito wa mkono, ni kweli, na kuna vipande ambavyo vitakosa noti pembeni. Bado karibu kila kitu nimesema hapa kinafanyika hapo, na mdundo wa chai unafanyika hata stima ikipotea, juu ya meza, bila sauti. Kitu kimoja ambacho tajiri na maskini wote wanacho na hawakitumii ni kinasa sauti cha simu. Jirekodi mara moja, weka simu chini, sikiliza ukiwa umeshika penseli badala ya kuwa kwa kiti cha piano. Utasikia kwamba mahali ulidhani ni pabaya ni pazuri, na mahali ulidhani umepita salama ulikuwa unakimbia.

Na kabla uniandikie "wewe uliacha chuo, nani amekufanya mwalimu": hakuna. Chukua hizo noti nne, fanya nilivyosema siku tano, halafu uje unitukane ukiwa na video.

Walimu ambao mnasoma hii, na najua mpo kwa sababu huwa mnanijibu kwa hasira, niwaombe kitu kidogo. Wiki hii, kila wakati ulimi ukitaka kusema "rudia tena," ongeza swali mbele yake. Unarudia ili kubadilisha nini? Mtoto akikosa jibu, na wewe ukikosa jibu, basi msipige bado. Angalieni karatasi kwanza.

Wengine wote: kama umekwama, niandikie kwenye komenti jina la kipande, namba ya kipimo, na mkono gani. "Yote ni ngumu" sijibu. Wa kwanza kunipata na kipimo cha Clair de Lune ambacho kimemshinda, nitatengeneza video yake Jumamosi.